Mwanaanga Anaanguka Siku Nzima

Somo la maisha ya wanaanga huanza na roketi. Mwalimu anaichora ubaoni, watoto wanahesabu kutoka kumi kurudi sifuri kwa kelele, kisha swali linakuja kutoka viti vya nyuma: "Mwalimu, mbona kule wanaelea?" Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia. Jibu hilo si kweli. Na likishakaa kichwani mwa mtoto wa darasa la tano, mwalimu wa fizikia wa sekondari atakuwa na kazi kubwa ya kuling'oa.

Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho hakijawahi kukosa watu tangu Novemba 2, 2000, kinazunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Chukua umbali wa Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka, usimamishe wima: ndipo kilipo. Mvutano wa dunia kwenye kimo hicho bado ni karibu asilimia 90 ya huu tulio nao. Kama ingewezekana kujenga mnara wa urefu huo na mtoto wa kilo 40 akapanda mizani kileleni, mizani ingesoma kilo 35 na ushei. Asingeelea hata kidogo.

Kuling'oa kosa hilo mapema, mwalimu, anza na mpira wa miguu, na uufanye ndiyo dunia. Mpe mtoto punje ya mchele, mwambie aishike mahali anapodhani kituo kipo. Wengi hurudi nyuma hatua mbili tatu, wengine hadi ukutani. Mpira wa kawaida una kipenyo cha sentimita 22, na kwa kipimo hicho kituo kiko milimita 7 kutoka kwenye ngozi yake. Punje inakaribia kugusa. Watoto wakishaona hilo wenyewe, ile hadithi ya "mbali mno hadi mvutano umekwisha" haina pa kusimama, nao wanabaki na swali la kweli: kama mvutano upo, kwa nini watu wanaelea?

Hapo leta chupa. Unahitaji chupa ya plastiki ya nusu lita, msumari na ndoo. Pasha msumari moto, toboa tundu moja ubavuni, sentimita mbili kutoka kwenye kitako, lenye upana wa milimita 4 hadi 5. Tundu la sindano halifai, kwa kuwa maji yanajishika yenyewe na kugoma kutoka hata chupa ikiwa imetulia. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, na kifuniko kiache mezani. Chupa iliyofungwa haimwagi vizuri kwa sababu hewa haina pa kuingilia, na mtoto makini atakuambia, kwa haki kabisa, kwamba kilichozuia maji ni kifuniko. Inua chupa mita 2 juu ya ndoo, ondoa kidole ili darasa zima lione mchirizi, kisha iachie. Usiisukume wala usiizungushe.

Mchirizi unakatika mara chupa inapoachiwa. Kuanguka mita 2 kunachukua sekunde 0.64 tu, kwa hiyo mtu mmoja arekodi kwa simu na video irudiwe polepole, vinginevyo nusu ya darasa itabishana na nusu nyingine. Chupa ilipokuwa mkononi, maji yalikuwa yanaelemea kitako na kusukumwa nje kwa uzito wake. Ilipoachiwa, chupa na maji vinaanguka pamoja kwa mwendo uleule, hakuna kinachomwelemea mwenzake. Mvutano haukuondoka darasani, kilichoondoka ni kuelemeana.

Wengi huishia hapo, lakini sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Nendeni uwanjani, mrushie mtoto chupa hiyo juu kwa upinde, aidake mita tatu kutoka kwako. Mchirizi unakatika tangu chupa inapotoka mkononi, hata wakati bado inapanda. Kumbe kuanguka, kwa maana hii, si lazima kwenda chini. Ni kuachwa mikononi mwa mvutano peke yake, bila sakafu, bila kamba, bila mkono wa kushikilia. Mtoto aliyeona hilo yuko tayari kwa mchoro wa mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia.

Mchoro wenyewe unahitaji namba mbili tu. Kitu kikiachiwa kinaanguka karibu mita 5 katika sekunde ya kwanza. Na uso wa dunia, kwa kuwa ni mviringo, unashuka mita 5 kwa kila kilomita 8 unazokwenda mbele. Sasa, kitu kinachokimbia kilomita 8 kwa sekunde moja kitaanguka mita 5 na kukuta ardhi nayo imeshuka mita 5. Sekunde inayofuata ni vilevile. Kinaanguka bila kufika. Kituo kinakwenda karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, yaani Dar es Salaam hadi Mwanza kwa chini ya dakika mbili, na kinamaliza mzunguko mzima kwa dakika 90 hivi. Akitokea wa kuuliza kama hakitashuka hata siku moja, mwambie ukweli: kimo hicho kina hewa nyembamba sana inayokipunguzia mwendo kidogokidogo, na kila baada ya muda injini huwashwa ili kukiinua tena.

Baada ya msingi huo, maisha yote ya wanaanga yanafundishika kwa swali moja ambalo watoto wanaweza kulijibu wenyewe: hapa nyumbani kitu hiki kingeanguka au kingetiririka, kule, kinakwenda wapi? Uliza hivyo kuhusu mate, ukombo wa mkate (zile chembe zinazodondoka), jasho, pumzi na choo. Kumpa mtoto orodha ya maajabu akariri ni kumnyima raha ya kuyagundua.

Tuanze na saa, maana hapa Kiswahili kina lake la kusema. Saa zetu tunazihesabu kutoka mapambazuko: jua linachomoza saa kumi na mbili, na baada ya saa moja kupita ndipo inapotimu saa moja asubuhi. Kituoni jua linachomoza na kuzama mara 16 hivi kwa siku moja ya kwetu. Kwa kawaida, kabla saa moja haijatimu jua limeshazama tena. Hesabu ya wazee wetu isingefaa kule, na kwa sababu hiyohiyo ni mlango mzuri wa kuingilia somo. Wanaanga wanafuata saa za Greenwich. Ratiba yao inawaamsha saa 12:00 asubuhi na kuwalaza saa 3:30 usiku kwa saa hizo. Kwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala unaongeza saa tatu, kwa Kigali, Bujumbura na Bukavu unaongeza mbili. Tengenezeni jedwali la ukutani lenye safu mbili, yetu na yao. Kengele ya saa nne asubuhi inapolia shuleni Tanga, kule ni saa moja asubuhi: wameshaamka, wanakula na kujiandaa kwa mkutano wa redio na vituo vya uongozi vilivyoko duniani: Houston, Huntsville, Munich, Tsukuba na Moscow.

Mwanaanga amelala ndani ya kijumba chenye ukubwa wa kabati la nguo, kwenye mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani ili asielee na kugonga vyombo usingizini. Watoto huuliza kama damu haiwashuki miguuni wakilala wima. Hakuna wima: ukuta, dari na sakafu ni maneno ya kukubaliana tu. Jambo zito zaidi ni pumzi. Hapa duniani hewa tunayoitoa ni ya moto, ni nyepesi, inapanda na kutuacha. Pale ambapo hakuna kuelemeana, hewa ya moto haina sababu ya kupanda. Bila feni, hewa ukaa uliyoitoa inaweza kujikusanya mbele ya pua yako, ukaivuta tena na kuamka na maumivu ya kichwa. Ndiyo maana feni za kituo zinanguruma usiku na mchana. Feni hizo pia ndizo zinazookota vitu vilivyopotea: kalamu au skrubu iliyoponyoka mara nyingi hukutwa baadaye imenata kwenye wavu wa kuvutia hewa.

Choo ndicho swali ambalo darasa zima linalo na wachache wanaolithubutu. Lijibu mapema, kwa sauti ya kawaida, na kicheko kitaisha chenyewe. Choo cha kituoni hakitumii maji, kinatumia upepo unaovuta. Haja ndogo inaingia kwenye faneli iliyounganishwa na mpira mrefu, kila mtu ana faneli yake. Kwa haja kubwa kuna kiti chenye tundu dogo kuliko la nyumbani, mfuko ndani yake, na sehemu za kujishikilia kwa miguu, kwa kuwa asiyejishika atasukumwa kando. Mfuko unafungwa na kuingizwa kwenye pipa. Mapipa yaliyojaa hupakiwa kwenye chombo cha mizigo kinachoondoka bila mtu na kuungua hewani kinaporudi duniani. Nguo chafu zinakwenda njia hiyohiyo, kwani hakuna kufua.

Mkojo hautupwi. Unachemshwa kwenye mtambo wenye kanieneo (presha) ndogo, mvuke unakusanywa, kisha maji hayo yanachanganywa na unyevu uliotoka kwenye jasho na pumzi na kupitishwa kwenye machujio. Mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitangaza kwamba mitambo hiyo imefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Ifanye hesabu ya darasani: katika kila lita 50, inapotea lita moja. Mwanaanga anahitaji karibu lita 3.8 kwa siku kwa kunywa, kupikia na kujisafisha, hivyo ndoo ya lita 20 inatosha watu watano kutwa nzima. Kwa watoto wanaochota maji wenyewe, namba hiyo haihitaji maelezo. Waulize kwao ndoo moja inamaliza shughuli gani.

Mtambo huo unaweza kuigwa kwa sufuria. Weka vikombe viwili vya chai ya rangi isiyo na sukari ndani ya sufuria pana, simamisha bakuli dogo la bati katikati, funika kwa mfuniko uliogeuzwa ili kitasa chake kining'inie juu ya bakuli. Mimina maji baridi juu ya mfuniko na uyabadilishe yakipata moto. Moto uwe mdogo, kwani chai ikichemka kwa fujo itarukia bakulini na kuharibu kila kitu. Kazi ya moto ni ya mwalimu. Baada ya dakika 15 hadi 20 bakuli lina maji meupe kabisa, na watoto hufurahi. Kisha waambie wanuse. Maji yananukia chai! Rangi ilibaki chini kwa kuwa haigeuki mvuke, harufu ilipanda kwa kuwa inageuka. Ndiyo maana kituoni kuchemsha peke yake hakutoshi: maji yanapitia machujio na kichocheo cha moto kinachovunja zile kemikali zinazopanda pamoja na mvuke. Wengine huona harufu hiyo kama kasoro ya jaribio. Mimi naiona ndiyo sehemu yake bora.

Maji yakishakuwa safi bado yana tabia zake. Hayamwagiki, yanashikana kuwa tufe, na yakigusa ngozi yanatambaa na kunata. Mwaka 2013 mwanaanga Chris Hadfield wa Kanada alikamua kitambaa kilicholowa mbele ya kamera, kwa jaribio lililobuniwa na wanafunzi wawili wa sekondari wa Nova Scotia. Maji hayakudondoka. Yalizunguka kitambaa kama bomba la kioo na kupanda mikononi mwake. Video hiyo ionyeshwe, lakini kwanza watoto waandike utabiri wao. Hapa darasani nguvu hiyohiyo, mvutano wa uso wa maji, inaonekana kwa kudondosha maji tone kwa tone juu ya sarafu: yanajijenga kilima kabla ya kumwagika. Paka sarafu nyingine sabuni kidogo, kilima kinavunjika mapema. Kutoka hapo wenyewe watakuambia kwa nini mwanaanga hajimwagii maji bali anajifuta kwa taulo yenye unyevu, na kwa nini anayepiga mswaki humeza dawa au kuitemea kwenye kitambaa.

Chakula kina somo tamu kwetu. Mkate wa boflo ni adui kituoni, kwa ukombo wake: hapa unaangukia sakafuni, kule unaelea hadi kwenye macho, puani na ndani ya mashine. Tangu mwaka 1985, Rodolfo Neri Vela wa Mexico alipopanda na tortila zake, wanaanga wamekuwa wakila tortila badala ya mkate. Tortila kwa mtoto wa Afrika Mashariki ni chapati nyembamba isiyo na mafuta mengi. Tandaza kitambaa cheusi, mtoto mmoja akate kipande cha mkate, mwingine chapati, mhesabu ukombo. Chumvi na pilipili manga kule ni za kimiminika, kwenye vichupa vya kudondoshea. Soda haifai: povu la gesi halipandi juu ya tumbo, na anayebeua anaweza kutoa na kinywaji chenyewe. Na wengi hupenda pilipili kali, kwa sababu pua zao zimeziba.

Pua zimezibaje? Moyo na mishipa yetu imezoea kusukuma damu juu dhidi ya uzito wake. Uzito ukiondoka, kusukuma kunaendelea, na majimaji ya mwili yanahama kutoka miguuni kwenda kifuani na kichwani. Uso unavimba, miguu inakonda. Watafiti wa duniani huiga hali hiyo kwa kulaza watu kichwa kikiwa chini kwa nyuzi 6. Kwa mtoto wa sentimita 150 ni kuinua upande wa miguu wa ubao sentimita 16. Dakika 5 zinatosha kuhisi uso ukijaa. Asifanye mtoto mwenye mafua, mwenye maradhi ya moyo au aliyetoka kula, na anayeumwa kichwa ainuke polepole. Kupima ndama ya mguu kwa futi ya fundi cherehani kabla na baada kunapendeza, ila tofauti ni ndogo, na futi ikikazwa tofauti kidogo tu inaifunika. Wapime mara tatu na kuchukua wastani.

Mifupa na misuli isiyoelemewa nayo inapungua. Bila mazoezi mwanaanga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mifupa ya nyonga kila mwezi. Ratiba inawapa saa mbili hadi mbili na nusu za mazoezi kila siku: mashine ya kukimbilia yenye mikanda ya kuwavuta chini, baiskeli isiyo na tandiko, na mashine ya kunyanyua inayotumia mitungi iliyoondolewa hewa, kwani chuma cha kilo mia kule hakina uzito wowote. Walimu wengi huonyesha udhaifu wa mifupa kwa kuloweka mfupa wa kuku kwenye siki siku tatu hadi tano mpaka unakunjika. Jaribio ni zuri, lakini sema wazi kwamba siki inayeyusha madini kutoka nje, ilhali mwanaanga mwili wake wenyewe ndio unaoyaondoa. Usiposema, watoto watadhani huko juu kuna asidi.

Kazi zenyewe ni majaribio, usafi, ukarabati. Kwetu kuna mfano wa karibu: setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilirushwa kutoka sehemu ya Kijapani ya kituo, Kibo, tarehe 11 Mei 2018. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, na darasa linaweza kuunda wa ukubwa huohuo kwa boksi la karatasi. RWASAT-1 ya Rwanda mwaka 2019 na PearlAfricaSat-1 ya Uganda mwaka 2022 zilitokea kituoni humohumo.

Kwa kutoka nje ya kituo, tumia tukio la Julai 16, 2013. Luca Parmitano wa Italia alikuwa nje, maji yakaanza kujaa kofia yake. Uchafu ulikuwa umeziba kifaa kinachotenganisha maji na hewa ndani ya vazi, maji ya kupoza mwili yakaingia kwenye njia ya hewa. Zaidi ya lita moja iliingia. Duniani maji hayo yangeshuka shingoni na kumwacha akipumua. Simulia mpaka hapo, nyamaza, uliza: yalikwenda wapi? Watoto waliofanya jaribio la sarafu watasema yalimng'ang'ania usoni. Ndivyo: yalifunika macho, masikio na pua, naye akarudi mlangoni kwa kufuata kamba yake ya usalama. Mtoto akilijibu hilo bila kusaidiwa, somo limeingia.

Pwani, na hata bara, swali la ibada litakuja: kama jua linazama mara 16, Maghribi ni mara ngapi, na kibla kiko wapi? Liheshimu, kwani ni swali la anga hasa. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipopanda Oktoba 2007, mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo: sala tano kwa kila saa 24, kwa kufuata saa za mahali aliporukia, na kuelekea kibla kwa kadiri anavyoweza. Mwaka 2023 Sultan Al Neyadi wa Falme za Kiarabu alikaa huko miezi sita, Ramadhani ikiwamo.

Mwishowe watoto wakione kituo. Mzingo wake umeinama nyuzi 51.6, kwa hiyo kinapita juu ya Afrika Mashariki yote. NASA hutangaza saa za kukiona kwa sehemu mbalimbali za dunia. Ni alfajiri au baada ya magharibi, wakati huku kumeingia giza na juani bado kipo. Tafuta mapito yanayopanda zaidi ya nyuzi 40 kutoka upeo, kwani yaliyo chini yanafichwa na miembe na mapaa. Kinaonekana kama nyota kali isiyopepesa, kinakatiza mbingu kwa dakika chache, kisha kinafifia ghafla katikati ya anga. Waandae kwa hilo: hakijaenda popote, kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Kikipepesa taa nyekundu, ni ndege.

Kinaweza pia kusikika. Wanaanga huzungumza na shule kupitia mpango wa redio za ridhaa, za watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu, uitwao ARISS, na sauti yao hushuka kwenye megahezi 145.800, ambayo redio ndogo ya mawasiliano ya mkononi inaipokea. Shule inayotaka kuzungumza nao huomba mapema sana na lazima ishirikiane na mtu mwenye leseni ya redio. Pito zima, kutoka upeo hadi upeo, ni dakika 10 hivi. Swali liwe sentensi moja, lisomwe polepole, limalizie kwa "ova". Wapange watoto mstari mmoja nyuma ya kipaza sauti, na maswali muhimu yatangulie, maana kituo kikishuka chini ya upeo sauti inakatika hata kama jibu halijaisha.